Mwongozo kamili: jinsi ya kuchagua mji wa kujenga chuo kikuu cha serikali

Kamati nyingi zinazopewa kazi hii zinakwama palepale kila mara, zinaanza na kiwanja. Mtu anajitokeza na ekari mia kadhaa za bure, picha zinapigwa, kiongozi anatoa ahadi mbele ya watu, afu ndo wajumbe wanakaa chini kutafuta sababu za kutetea mji ambao tayari umeshachaguliwa. Miaka michache baadaye majengo yapo na yanapendeza, ila walimu wanaishi mji mwingine na wanakuja mara mbili kwa wiki, wanafunzi wanabanana vyumbani, maji yanaletwa na magari, na kila bajeti ya mwaka inaliwa na vitu ambavyo mji wa kawaida ungekuwa navyo tayari.

Hapa tunaenda kwa mpangilio mwingine: kwanza kazi ya chuo, afu wanafunzi, afu vigezo, afu miji, na kiwanja kinakuja karibu na mwisho kabisa. Usiruke hatua hata kama unaona jibu liko wazi, maana hapo unapoona liko wazi ndo penye shida nyingi. Kama wewe ni mwanafunzi wa mipango miji au jiografia na umepewa hili kama zoezi la darasani, hatua ni zilezile, utapunguza tu sehemu za mikataba.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Idadi ya vijana wanaomaliza sekondari kila mwaka, kwa kila wilaya, angalau miaka mitano ya nyuma. Mwaka mmoja hautoshi, unaweza kuwa mwaka wa ajabu.
- Orodha ya vyuo vikuu vilivyopo, viko wapi na vinafundisha nini.
- Ramani ya barabara na reli inayoonyesha muda wa safari, sio umbali tu.
- Takwimu za mamlaka ya maji na shirika la umeme kwa kila mji: kinachozalishwa, kinachotumika, na kinachobaki.
- Matokeo ya sensa ya watu na makazi.
- Ramani za mafuriko, maporomoko na matetemeko.
- Jedwali la kompyuta, hata lile la kawaida kabisa linatosha.
- Watu: mtu wa mipango miji, mhandisi wa maji, mwalimu wa chuo kikuu anayefundisha sasa hivi, na mwanafunzi mmoja au wawili. Hao wawili wa mwisho ndo huwa wanasahaulika, na ndo watakaoishi na uamuzi wenu kila siku.
- Mtunza kumbukumbu ambaye hana mji anaoupigia debe.

Kama data ya maji haipo, simama hapo hapo uitafute. Usiendelee kwa kukadiria ukisema utajaza baadaye, hiyo nafasi huwa haijazwi.

## Hatua ya 1: Andika chuo kinakuja kufanya kazi gani

Ukurasa mmoja tu. Chuo kitafundisha nini, kitachukua wanafunzi wangapi mwaka wa kwanza na wangapi mwaka wa 15, na kitatatua tatizo gani ambalo vyuo vilivyopo havitatui.

Sababu ni kwamba kazi ya chuo ndo inayotafuta mji. Chuo cha udaktari kinataka hospitali kubwa yenye wagonjwa wa kila aina, bila hiyo utakuwa unasafirisha wanafunzi kwa mabasi miaka yote ya mazoezi. Cha kilimo kinataka mashamba na maji ya umwagiliaji. Cha uhandisi kinataka viwanda vinavyoweza kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Chuo cha fani zote kinataka kidogo kidogo cha kila kitu, na hapo mji mdogo unaanza kupata shida.

Norway ni mfano mzuri wa kazi kutangulia. Walipoamua mwaka 1968 kuanzisha chuo kikuu Tromsø, kaskazini kabisa huko juu, tatizo lilikuwa linajulikana: eneo la kaskazini lilikuwa na upungufu wa madaktari na wataalamu wengine, na vijana waliokwenda kusoma kusini wengi hawakurudi. Masomo yakaanza 1972 na udaktari ukawa kati ya mambo ya mwanzo mwanzo kabisa. Madaktari wengi waliosomea pale walibaki kufanya kazi kaskazini. Ukiangalia ramani tu Tromsø inaonekana uamuzi wa ajabu, ila ukiangalia kazi iliyoandikwa unaelewa mara moja.

Onyo: usiandike "kukuza uchumi wa eneo" kama sababu pekee. Kila mji duniani unaweza kusema hivyo, kwa hiyo sentensi hiyo haichagui chochote.

Utajua umefaulu pale mtu ambaye hayumo kwenye kamati akisoma huo ukurasa anaweza kukuambia aina ya mji unaofaa bila kutaja jina.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya wanafunzi kwa masaa, sio kwa kilomita

Chukua kila wilaya, andika idadi ya wanaomaliza sekondari, afu andika masaa ya safari kutoka hapo kwenda kila mji unaoweza kufikiriwa, kwa usafiri wa umma na sio kwa gari la serikali. Zidisha idadi kwa masaa, jumlisha, gawa kwa idadi ya wanafunzi wote. Unapata wastani wa muda ambao mwanafunzi mmoja atatumia kufika.

Mfano mdogo wa kubuni. Wilaya ya kwanza ina wanafunzi 4,000 na ya pili ina 1,000. Mji mmoja uko masaa 2 kutoka wilaya ya kwanza na masaa 6 kutoka ya pili: 4,000 mara 2 ni 8,000, 1,000 mara 6 ni 6,000, jumla 14,000, wastani masaa 2.8. Mji mwingine uko masaa 5 kutoka ya kwanza na saa 1 kutoka ya pili: 20,000 na 1,000, jumla 21,000, wastani masaa 4.2. Mji wa kwanza unashinda japo wilaya ya pili itanung'unika, na mtawajibu kwa namba sio kwa maneno.

Watu wengi wanapenda kutafuta "katikati ya ramani". Achana na hilo. Katikati ya ramani inaweza kuangukia msituni au kwenye bonde lisilo na barabara, na hata ikiangukia kwenye mji, katikati ya ardhi sio katikati ya watu. Pima kati ya miji iliyopo tu.

Afu weka juu ya ramani hiyo vyuo vilivyopo. Unatafuta pengo, yaani eneo lenye vijana wengi na lisilo na chuo cha umma karibu. California walifanya hesabu ya namna hii: bonde la San Joaquin lilikuwa na watu wengi sana ila halikuwa na kampasi hata moja ya Chuo Kikuu cha California, na mwaka 1995 bodi ya chuo ikachagua Merced, mji uliomo kwenye bonde hilo. Kampasi ilifunguliwa 2005. Hiyo miaka kumi katikati tutairudia kwenye hatua ya kiwanja, kuna somo pale.

## Hatua ya 3: Chuja miji kwa mambo ya lazima

Hapa hakuna alama, ni ndiyo au hapana. Mji ukikosa kimoja unatoka, haijalishi ni mji wa nani.

Maji ndo la kwanza. Kadiria lita 100 kwa mtu kwa siku, wanafunzi 10,000 wanaoishi pale wanahitaji lita milioni 1 kila siku, yaani mita za ujazo 1,000. Hapo hujaweka maabara, jikoni wala wafanyakazi. Swali la kuwauliza mamlaka ya maji sio "mna maji?" maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza mwezi mkavu kuliko yote mwaka jana mlizalisha kiasi gani na mji ulitaka kiasi gani. Kama tofauti ni ndogo kuliko mahitaji ya chuo, na hakuna mradi wenye fedha tayari, mji huo bado.

Majitaka yanafuata na huwa yanasahaulika kabisa. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia yanatoka kama majitaka, kwa hiyo hapo juu una mita za ujazo 800 za kupeleka mahali kila siku.

Mengine ya lazima nitayataja haraka: umeme unaofika kwa njia mbili tofauti au angalau kituo cha kupozea chenye uwezo uliobaki, barabara inayopitika mwaka mzima, mkongo wa intaneti, hospitali yenye upasuaji, na usalama dhidi ya mafuriko na maporomoko.

Utajua chujio limefanya kazi kama mmebaki na miji kati ya mitatu na sita. Ikibaki kumi na mbili, masharti yenu ni malegevu. Ukibaki mmoja, inawezekana kuna mtu aliandika masharti huku anaufikiria mji huo, rudini mkaangalie.

## Hatua ya 4: Pangeni uzito kabla ya kuona alama yoyote

Hii ndo hatua ninayoiombea sana isichezewe. Mkisubiri kupanga uzito baada ya kuona alama, kila mjumbe atavuta kigezo kinachobeba mji wake, na hamtamaliza, na mkimaliza hakuna atakayewaamini.

Kaeni siku moja, pangeni vigezo visivyozidi saba, gawaneni pointi 100. Saini, tarehe, bahasha, mtunza kumbukumbu anaifungia. Mimi kwa chuo cha fani zote ningeanza hivi:

- Urahisi wa wanafunzi kufika: 25
- Makazi ya wanafunzi mjini: 20
- Uwezo wa mji kuwashika walimu: 20
- Ubora wa maji, umeme na intaneti juu ya kile kiwango cha lazima: 15
- Sehemu za mafunzo kwa vitendo: 10
- Gharama ya ardhi na ujenzi: 10

Mtu ataona ardhi ina 10 tu ataruka. Ardhi inalipwa mara moja. Mishahara ya walimu, posho za kuwavuta waje, mabasi, maji ya kununua, hivyo vinalipwa kila mwaka kwa muda wote ambao chuo kitakuwepo. Ukiangalia matumizi ya miaka 30 ardhi inakuwa sehemu ndogo kabisa, ila kwa kuwa ndo inayoonekana siku ya kwanza, inatawala mazungumzo.

Kuhusu walimu nitasema kidogo zaidi, maana hapo vyuo vingi vipya vinaumia kimyakimya. Mwalimu wa chuo hahami peke yake. Ana mwenza mwenye kazi, ana watoto wanaosoma, pengine ana mzazi mgonjwa. Kama mji hauna ajira kwa mwenza wake, au shule ambayo angempeleka mtoto wake, atakubali kazi, atapanga chumba kimoja, na familia itabaki kule kwingine. Mwanafunzi atamwona Jumanne na Jumatano. Usimamizi wa tasnifu utakuwa kwa simu. Kwenye karatasi chuo kina maprofesa, ila korido za jioni ziko tupu. Kwa hiyo kwenye kigezo hiki msihesabu hoteli wala mandhari, hesabuni waajiri wanaoajiri wasomi, shule, hospitali, na muda wa kufika mji mkubwa ulio karibu.

## Hatua ya 5: Nendeni kwenye miji, na muende vibaya

Yaani muende bila msafara, bila kutoa taarifa kwa wenyeji wiki mbili kabla. Mkipokelewa kwa ngoma mtaonyeshwa mnachotakiwa kuona. Nendeni mara mbili, msimu wa mvua na msimu wa ukame, na mlale huko.

Asubuhi mapema pandeni usafiri wa kawaida kutoka stendi hadi pembeni mwa mji, muandike muda na nauli. Usiku tembeeni kwa miguu, mkiwa na mwanafunzi wa kike kwenye timu, mwambieni aandike yeye mwenyewe ni wapi asingepita peke yake. Maoni yake yaingie kwenye ripoti kama yalivyo, msiyalainishe.

Angalieni juu ya mapaa. Mtaa ambao kila nyumba ina tanki kubwa ni mtaa ambao maji hayatoki kila siku, hata kama ripoti ya mamlaka inasema yanatoka. Afu muulizeni mama wa nyumba ya kwanza na ya mwisho mtaani maji yalitoka lini mara ya mwisho, kwa sababu wa mwanzo wa bomba na wa mwisho hawapati sawa.

Sasa vyumba. Fanyeni hesabu hii kabla ya kwenda. Chuo cha wanafunzi 10,000 chenye hosteli za kulaza asilimia 40 kinaacha wanafunzi 6,000 wa kupanga mjini. Wawili kwa chumba, ni vyumba 3,000. Mji wenye watu 60,000 na watu wanne kwa kaya una kaya 15,000. Maana yake kaya moja kati ya kila tano inatakiwa iwe na chumba cha kupangisha kilicho wazi. Chagueni mitaa mitatu, mmoja karibu na katikati, mmoja wa kati na mmoja wa pembeni, mgonge hodi nyumba 40 kila mtaa, muulize tu: kuna chumba wazi leo, bei gani, choo ni cha ndani au cha pamoja, maji yapo? Nyumba 120 zinatosha kukupa picha ya kuaminika kuliko barua yoyote ya ofisi ya mji.

Onyo hapa: msihesabu vyumba ambavyo tayari vina wapangaji. Chuo kikija na wanafunzi wenye mikopo, kodi zinapanda na wafanyakazi wa kipato cha chini wanasukumwa nje. Mji unaochagua leo utakuwa na chuki na chuo kesho kama hilo halijapangwa, na wanafunzi ndo watakaoibeba hiyo chuki mtaani.

Umefaulu kama mnarudi na vitu ambavyo hamkuvijua kabla ya kwenda. Mkirudi na mawazo yaleyale mliyoondoka nayo, ziara ilikuwa ya kupiga picha.

## Hatua ya 6: Toeni alama

Kila mjumbe anatoa alama 0 hadi 5 kwa kila kigezo, peke yake, kwa maandishi, na sentensi moja ya sababu. Afu mnapanga alama za wajumbe wote kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ile iliyo katikati, sio wastani, ili mtu mmoja mwenye mapenzi makubwa asiburute matokeo. Gawa alama kwa 5, zidisha kwa uzito.

Mfano wa kubuni. Mji A ni jiji kubwa, B ni mji wa kati wenye barabara kuu nne, C ni mji mdogo uliotoa ardhi ya bure.

Mji A: kufika 4 (pointi 20), makazi 3 (12), walimu 5 (20), huduma 3 (9), mafunzo kwa vitendo 5 (10), gharama 1 (2). Jumla 73.

Mji B: kufika 5 (25), makazi 4 (16), walimu 3 (12), huduma 4 (12), mafunzo 4 (8), gharama 3 (6). Jumla 79.

Mji C: kufika 2 (10), makazi 1 (4), walimu 1 (4), huduma 3 (9), mafunzo 2 (4), gharama 5 (10). Jumla 41.

Ardhi ya bure imempa C pointi 8 zaidi ya A na 4 zaidi ya B, basi. Kwingine ameachwa nyuma, isipokuwa kwenye huduma ambako amelingana na A. Jedwali likiwa wazi namna hii hata mwenye ardhi yake anaelewa, hajadharauliwa, zawadi yake imehesabiwa kwa thamani yake.

## Hatua ya 7: Tikiseni matokeo

Jedwali likitoa mshindi msikimbilie kutangaza. Badilisheni uzito muone kama mshindi anasimama.

Kwenye mfano wetu, punguza "kufika" kutoka 25 hadi 15 na uongeze "walimu" kutoka 20 hadi 30. A anapata 75, B anapata 75, C 39. Wamelingana! Hapo mmejifunza kitu kikubwa, kwamba ubishi wa kweli kati ya A na B ni mmoja tu: je, chuo hiki kinaweka mbele ukaribu wa wanafunzi au uwezo wa kupata walimu? Rudini kwenye ukurasa wa hatua ya 1, jibu lazima liwe pale. Kama halipo, ukurasa haujakamilika.

Sasa jaribu upande wa mwenye ardhi. Pandisha gharama kutoka 10 hadi 30, ukitoa 10 kwa "kufika" na 10 kwa "walimu". A 59, B 75, C 55. Hata ukizidisha uzito wa ardhi mara tatu C bado wa mwisho. Karatasi hiyo itunzeni vizuri, mtaihitaji siku ya kikao kigumu.

Onyo: kutikisa ni kwa ajili ya kuelewa, sio kutafuta uzito unaompa ushindi mji unaotakiwa na mkubwa fulani. Kila jaribio liandikwe, pamoja na yale yasiyopendeza.

## Hatua ya 8: Wekeni sababu hadharani kabla ya uamuzi wa mwisho

Chapisheni ukurasa wa hatua ya 1, uzito, alama na sababu zake, afu mpe kila mji mwezi mmoja au miwili wa kujibu kwa ushahidi. Wakileta takwimu mpya za maji, rekebisheni. Wakileta wazee na nyimbo, wapokeeni kwa heshima, alama zibaki.

Kuna njia nyingine, kupiga kura. Texas walifanya hivyo mwaka 1881, wapiga kura wakachagua Austin kwa chuo kikuu chenyewe na Galveston kwa kitivo cha udaktari. Inaleta uhalali, sikatai, ila kura inahesabu watu waliopo leo na inapendelea eneo lenye wapiga kura wengi, haipimi bomba la maji.

Kinachotokea watu wasipoelewa sababu, tazama Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1965 kamati ya serikali iliyoongozwa na Sir John Lockwood ilipendekeza chuo kikuu cha pili kijengwe Coleraine, mji mdogo, badala ya Derry ambao ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa na tayari ulikuwa na chuo cha Magee kilichoanza 1865. Kamati ilikuwa na sababu zake, mojawapo ikiwa nyumba za wageni za miji ya pwani ya karibu ambazo zilikuwa tupu nje ya msimu wa likizo na zingeweza kulaza wanafunzi. Kama kigezo cha makazi sio wazo baya hata kidogo. Ila watu wa Derry, Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja, waliona wamenyimwa makusudi, na Februari mwaka huohuo msafara mkubwa wa magari ukaenda hadi Stormont, makao ya bunge na serikali ya Ireland ya Kaskazini, kupinga, John Hume, mwalimu wa Derry aliyekuja kuwa mwanasiasa, akiwa mmoja wa vinara. Chuo kilifunguliwa Coleraine 1968, kikapata shida ya kuvutia wanafunzi, na 1984 kikaunganishwa na taasisi nyingine kuwa Chuo Kikuu cha Ulster. Manung'uniko ya Derry hayakuisha na uamuzi ule.

Kwa hiyo kama mji unaoachwa una chuo cha zamani au historia ya kubaguliwa, hilo ni jambo la kuandikiwa ukurasa wake, kwa nini, na nini kitawekwa pale badala yake. Kitivo kimoja, hospitali ya kufundishia, kitu chenye bajeti.

## Hatua ya 9: Sasa ndo mtafute kiwanja

Mji umeshapatikana, ruksa kuangalia ardhi. Uingereza miaka ya 1960 walipoanzisha vyuo vipya walitaka eneo la ekari 200 hivi, kama hekta 80. Ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa kampasi ya pembeni ya mji, ila chuo kinachojengwa ndani ya mji kwa maghorofa kinahitaji eneo dogo kuliko hilo.

Angalieni hati, nani ana haki pale hata kama hana hati, makaburi, njia za mifugo, madai mahakamani. Fidia ilipwe kabla ya tingatinga, sio baada. Mpima udongo aende kabla ya mchora ramani.

Umbali kutoka katikati ya mji usizidi dakika 30 kwa usafiri wa umma au, nzuri zaidi, uwe wa kutembea. Kampasi iliyo kilomita 20 nje inalazimika kujenga kila kitu upya: zahanati, soko, polisi, nyumba. Hapo unakuwa umechagua mji afu ukaukimbia.

Na mazingira yapimwe mapema. Merced ndo somo nililoahidi. Eneo la kwanza lilikuwa na vidimbwi vya msimu wa mvua wanamoishi uduvi wadogo wanaolindwa na sheria, na kampasi ya mwanzo ikabidi isogezwe, ikajengwa kwenye uliokuwa uwanja wa gofu pale karibu. Mji ulikuwa sahihi, kiwanja ndo kilichohitaji kubadilishwa, na kwa kuwa walikuwa wameuchagua mji kwa sababu nzuri hawakuanza upya.

## Hatua ya 10: Ahadi zote ziwe mkataba, na muanze na majengo ya muda

Mji uliosema utajenga barabara, bomba na taa, usaini tarehe na chanzo cha fedha. Mamlaka ya maji isaini kiasi kwa siku, sio "huduma ya uhakika". Ahadi ya mdomoni inaondoka na aliyeitoa.

Msisubiri kampasi ikamilike ndo mfundishe, na msifundishe kwenye jengo lisilo na choo. Kodini majengo. Stony Brook, chuo cha jimbo la New York, kilianza 1957 Oyster Bay kwenye eneo la muda, kikahamia Stony Brook kwenyewe 1962. Miaka michache ya namna hiyo inawapa nafasi ya kuajiri, kupanga mitaala, na kuona wanafunzi wanatoka wapi kweli.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakifika, rudieni hesabu ya hatua ya 2 kwa wilaya walizotoka na masaa waliyosafiri, muilinganishe na makadirio yenu, na mpe matokeo mtu anayepanga mabasi na hosteli. Na mji ulioshika nafasi ya pili msiuage bado, faili lake libaki wazi hadi hati ya ardhi iwe mkononi na mkataba wa maji uwe umesainiwa.